Karatasi ya Kijivu ya Brabazon

Anayeanza kujifunza rangi za maji huambiwa mapema kwamba weupe haupakwi, huachwa. Rangi hizi ni nyepesi kama chai ya rangi: mwanga huzipenya, hufika kwenye karatasi nyeupe iliyo chini, kisha hurudi machoni. Ukipitisha brashi mahali palipotakiwa kung'aa, ni vigumu kuurudisha ule mng'ao.

Hercules Brabazon Brabazon, Mwingereza aliyezaliwa Paris mwaka 1821, mara nyingi alianzia upande wa pili. Alichukua karatasi ya kijivu, au yenye rangi ya mchanga, akaiacha ifanye kazi yote ya kivuli. Palipoachwa wazi pakawa ukuta wa msikiti wa Misri wakati jua limehama, au maji ya mfereji wa Venice chini ya daraja. Juu yake aliweka mistari michache ya penseli, kisha rangi zenye maji mengi, zikiingiliana kabla hazijakauka. Mwisho kabisa ikaja nyeupe nzito isiyopitisha mwanga: tone moja kwenye tanga, mkwaruzo mmoja ukingoni mwa kuba. Ukiisogelea picha hiyo huoni tanga wala kuba, unaona madoa. Rudi nyuma hatua tatu, na jua limeshawaka.

Kazi ya namna hii inamtaka mtu ajue kuacha. Madirisha hayahesabiwi, nyuso za watu hazichorwi, na tone lile jeupe likiongezwa la pili na la tatu, picha nzima hupoa. Naamini hapo ndipo ulipo ubingwa wake, kuliko hata katika uchaguzi wa rangi.

Wengi humweka katika kundi la wachoraji waitwao waimpreshonisti, na ukitazama mikono yao na wake utaelewa sababu. Lakini mizizi yake naiona kwa mchoraji Turner, ambaye kazi zake Brabazon alizichora upya mara nyingi kwa kujifunza, kama alivyofanya kwa mchoraji Velázquez.

Alisoma hesabu Cambridge, kisha akaenda Roma kujifunza sanaa. Alizaliwa akiitwa Hercules Brabazon Sharpe. Mwaka 1847 alirithi mali ya ukoo wa mama yake huko Ireland, akachukua na jina lao. Ndiyo maana Brabazon linatajwa mara mbili. Urithi ulimwondolea haja ya kuuza picha. Kwa miongo kadhaa alisafiri Hispania, Italia, Misri na India, akirudi nyumbani kwake Sussex na makaratasi ambayo ni marafiki tu walioyaona.

Wachoraji vijana ndio waliomtoa hadharani. Mwaka 1891 chama cha wasanii cha New English Art Club kilimpokea. Mwaka uliofuata mchoraji John Singer Sargent, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 30, alimshawishi afanye maonyesho yake binafsi ya kwanza katika Goupil Gallery, London, akamwandikia na utangulizi wa katalogi. Mchoraji huyo mgeni machoni pa umma alikuwa na miaka 71.