Picha ya chupa huharibiwa na mwanga wa mbele

WAFANYABIASHARA wadogo wanaouza asali, jamu na sharubati kupitia simu hukabiliwa na tatizo moja: chupa inayong'aa mkononi hutokea pichani ikiwa na madoa meupe na tumbo jeusi. Kwa muuzaji wa Kimumu, mtaa ulio kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Iten na hatimaye Bonde la Kerio linalosifika kwa asali, kasoro hiyo si ya urembo tu. Mnunuzi aliye Nairobi au Mombasa hawezi kuonja wala kunusa. Ushahidi wake ni picha.

Chanzo cha tatizo ni tabia ya kioo chenyewe. Kitambaa au mbao huonekana kwa kuwa hutawanya kila upande mwanga unaoviangukia. Kioo hakifanyi hivyo. Kikimulikwa moja kwa moja, kila uso wake hurudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga, na karibu wote uliosalia hupenya. Ndiyo maana taa ya simu huacha doa kali mahali pamoja, huku sehemu nyingine ya chupa ikionyesha tu giza lililo nyuma yake.

Kanuni basi ni kuangaza kilicho nyuma ya chupa, si chupa yenyewe.

Kazi hiyo haihitaji studio. Kimumu iko karibu na Ikweta, na jua la adhuhuri humulika kutoka juu, jambo linalofaa kuepukwa. Lililo bora ni dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, lililofunikwa kwa pazia jepesi jeupe au karatasi nyembamba. Chupa huwekwa mezani kiasi cha nusu mita kutoka dirishani, na kamera huelekezwa dirishani. Mwanga hupenya asali na rangi yake hujitokeza.

Hata hivyo, kingo za chupa huweza kupotelea katika weupe huo. Dawa yake ni vipande viwili vya kadi nyeusi, kimoja kila upande wa chupa, nje kidogo ya picha. Mwanga hupinda uingiapo kwenye kioo kwa kuwa kasi yake hushuka kutoka karibu kilomita 300,000 hadi takriban 200,000 kwa sekunde. Kwa kupinda huko na kwa kuakisi, kingo za chupa huonyesha weusi wa kadi, na mstari mwembamba huchora umbo lake.

Njia ya pili ni kinyume chake. Kitambaa cheusi hutandazwa nyuma ya chupa, kikiwa kikubwa kuliko eneo la picha lakini kidogo kuliko dirisha. Mwanga unaopita kandokando yake huzifanya kingo zing'ae gizani. Njia hii huipendeza chupa tupu au yenye maji, ila hufichua kila chembe ya vumbi na alama ya kidole.

Lebo huhitaji mpango wake, kwa sababu karatasi haipitishi mwanga na huonekana nyeusi ikimulikwa kutoka nyuma. Kadi nyeupe iliyosimamishwa mbele ya chupa, upande mmoja, huurudisha mwanga wa dirisha juu ya maandishi.

Simu nayo iegemezwe mahali imara, kimo cha katikati ya chupa. Anayepiga picha asogee nyuma kama mita moja na nusu, kisha akuze picha kiasi, kwani kamera iliyo karibu mno hupotosha umbo la chupa na hukaribisha sura ya mpigaji kwenye kioo. Akigusa chupa kwenye skrini, arekebishe mwanga hadi sehemu ya nyuma iwe nyeupe bila kumeza kingo.

Lililo zito zaidi ni rangi. Balbu ya mwanga wa manjano ikichanganywa na mwanga wa mchana, asali nyepesi huonekana iliyokolea, na mteja akipokea chupa hudhani amebadilishiwa bidhaa. Taa za ndani zizimwe, na rangi isiongezwe kwa programu za simu. Asali iliyoanza kuganda nayo ipigwe ilivyo. Ukungu wake ni sukari iliyojikusanya, wala si dalili ya kuharibika, na maelezo mafupi chini ya picha yatamtoa mnunuzi wasiwasi.

Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa. Kabla ya kutuma picha, muuzaji aishike simu kando ya chupa, karibu na dirisha lile lile, alinganishe rangi. Zisipofanana, picha ipigwe upya.