Lubumbashi: Mtoto anasoma miaka 12, msaada wa wafadhili unadumu miaka mingapi?

Kalebuka iko pembeni mwa mji wa Lubumbashi, katika mtaa wa Annexe, pale ambapo mji unaishia na vijiji vinaanza. Ni nyumba za matofali ya udongo, mashamba madogo, na akina mama wanaouza makala kando ya njia. Shule ya wasichana ya Malaika ilipofungua milango yake mwaka 2011, watu wa huko waliishi bila umeme na bila maji ya bomba. Wasichana 104 ndio walioanza. Leo ni zaidi ya 400. Hawalipi minervali, wanakula shuleni mara mbili kwa siku, na wanafundishwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Anayelipa si serikali, wala si wazazi. Ni wafadhili, wengi wao wakiwa mbali sana na Haut-Katanga.

Mwanzilishi wa shule hiyo, Noëlla Coursaris Musunka, alizaliwa Lubumbashi. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 5, na mama yake, ambaye hakuwa na uwezo wa kumlea, akamtuma Ulaya kwa ndugu wa familia. Alirudi kumwona mama akiwa na miaka 18. Baadaye alipata jina katika kazi ya mitindo ya mavazi, na mwaka 2007 akaunda shirika lililozaa shule hiyo. Kwa maneno mengine, shule ya Kalebuka ilipata bahati ambayo mashirika mengi ya Congo hayana: mtu anayejulikana nje, anayeweza kugonga mlango wa mfadhili wa London au New York na kufunguliwa.

Hata hivyo bahati hiyo haiondoi hesabu. Nchini RDC mtoto anasoma miaka 6 ya shule ya msingi, miaka 2 ya elimu ya msingi katika sekondari, kisha miaka 4 ya humanités. Jumla ni miaka 12. Msichana aliyeingia mwaka wa kwanza mwezi wa tisa 2025 atafanya mtihani wa serikali mwaka 2037. Lakini mkataba wa msaada, mara nyingi, unaandikwa kwa mwaka 1, miaka 2 au 3. Ukiisha, shirika linaandika upya ombi, linangoja jibu, na wakati huo mwalimu anataka mshahara wake na sufuria ya jikoni inataka unga.

Wengine watauliza: si masomo ni bure? Ni kweli, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, na utekelezaji wake ulianza mwezi wa tisa 2019 chini ya Rais Félix Tshisekedi. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Watoto walirudi kwa wingi. Ila bure hiyo inaishia kwenye shule ya msingi. Baada ya hapo mzazi anatoa makuta, na katika familia yenye watoto sita au saba, anayebaki nyumbani mara nyingi ni msichana. Tena madarasa ya umma yalijaa kupita kiasi, na walimu wanaoitwa NU, yaani wale wapya ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali, wamekuwa wakigoma na kuandamana kila mara kudai haki yao.

Pengo hilo ndilo wafadhili wanaitwa kuziba, na hapo kuna tabia moja inayochosha wakuu wa shule. Mfadhili anapenda ukuta. Ukuta unapigwa picha, unawekwa kibao chenye jina, unazinduliwa kwa kukata utepe. Mshahara wa mwalimu wa hesabu hauna utepe. Maharagi ya mchana hayana kibao. Kituo cha jamii cha Kalebuka, kilichojengwa kwa msaada wa programu ya FIFA ya Football for Hope na kuanza kazi mwaka 2013, kinaonyesha jambo hilo vizuri: kujenga kulifanyika mara moja, lakini vijana na wazazi wanaokuja kujifunza kusoma, Kiingereza, kompyuta na kushona wanahitaji mkufunzi kila wiki, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2025 ulikumbusha jinsi jambo hili lilivyo hatari. Mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafunga kazi zake. Mwaka mmoja kabla, Marekani ilikuwa imebeba takriban asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini RDC. Programu za elimu kwa watoto waliokimbia vita huko mashariki zilikuwa kati ya zilizoguswa. Uamuzi ulichukuliwa Washington, na madarasa yalisimama Kivu.

Kuna pia swali la kifo. Dikembe Mutombo, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake na shule Mbuji-Mayi kwa jina la baba yake, Samuel Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Shirika lake lipo, lakini uso uliofungua mifuko ya wafadhili haupo tena.

Mashirika madogo ya mitaani yana shida ya kwanza kabisa: kuonekana. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaruhusu raia kuunda asbl, ila kupata hati kamili kutoka Wizara ya Sheria kunataka safari, makaratasi na uvumilivu. Kisha mfadhili anaomba akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa, na ripoti katika Kiingereza safi. Mama anayewapokea watoto 30 wa barabarani katika ua wake anaishia hapo, hata kama kazi yake ni nzuri kuliko ripoti za wengine.

Katika Haut-Katanga na Lualaba, pesa nyingine iko karibu zaidi. Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inalazimisha kampuni za madini kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Kampuni inayouza madini ya dola bilioni 1 inadaiwa dola milioni 3. Hii si sadaka, ni sheria, na wakaaji wana viti katika chombo kinachosimamia pesa hiyo. Wanaweza kuomba madarasa. Wanaweza pia kuuliza, kabla ya saruji kununuliwa, nani atamlipa mwalimu.

Lakini mgao huo ni wa jamii zilizoguswa na mradi wa mgodi. Watoto wa mitaa isiyo na mgodi hawamo katika hesabu hiyo. Kwao zimebaki parokia, asbl za mitaani na wafadhili wa mbali.