Vimelea Hatari Havilindwi kwa Kuaminiana

Oktoba 1977, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, aliugua ndui akapona. Hakuna aliyeupata tena ugonjwa huo kwa maambukizi ya kawaida. Hata hivyo, mwaka uliofuata ndui ilimuua Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha udaktari cha Birmingham, Uingereza. Alifanya kazi ghorofa moja juu ya maabara iliyotunza virusi hivyo. Namna vilivyomfikia inabishaniwa mpaka leo, lakini chimbuko lake lilikuwa maabara ile.

Sheria za vimelea hatari mara nyingi hutungwa kwa kumhofia mhalifu, ilhali uzembe mdogo nao huua. Tangu 2002 sheria ya Marekani inadai maabara zenye vimelea hivyo zisajiliwe na zikaguliwe, na watumishi wake wachunguzwe. Ni sheria nzuri, ila haiwezi kulinda kisichoandikwa. Julai 2014, vichupa sita vya ndui vya miaka ya 1950 vilikutwa katika chumba cha baridi huko Bethesda, Maryland, na viwili vilikuwa na virusi hai. Kwa makubaliano ya kimataifa, virusi vya ndui vilipaswa kubaki katika maabara za Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi, basi. Vile vichupa havikuibwa wala kufichwa. Vilisahauliwa tu, miaka nenda miaka rudi.

Wapo wanaosema masharti hukwamisha utafiti, na bila virusi hakuna chanjo. Ni kweli, ndiyo maana masharti yapimwe kwa ukubwa wa hatari, wala utafiti usipigwe marufuku. Wengine husema wanasayansi waachwe wajisimamie, kwa kuwa ndio wajuzi. Lakini barua zenye vimelea vya kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu 5, na shirika la upelelezi la FBI lilihitimisha kwamba mtumaji alikuwa Bruce Ivins, mtafiti wa maabara ya jeshi la Marekani, aliyefariki kabla ya kushtakiwa. Ujuzi peke yake si dhamana.

Nasi mambo haya yanatuhusu. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, Tanzania, mwaka 2023, ulithibitishwa kwa sampuli za wagonjwa. Kila mlipuko ukiisha, wabunge na waandishi wa habari waulize: sampuli zimebaki ngapi, ziko wapi, na nani kutoka nje ya maabara amezihesabu?