Tiba radiolojia: usomee Muhimbili au uvuke bahari?

Kwa familia ya Isansa inayosomesha kwa pesa ya kahawa, bingwa wa tiba radiolojia, yaani anayetibu kwa sindano na mirija akiongozwa na picha, ni daktari wa mbali. Mgonjwa hupelekwa Vwawa, kisha Mbeya, na kazi ikizidi huandikiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Chukua mama ambaye saratani ya shingo ya kizazi imembana njia ya mkojo. Daktari anaitazama figo kwa altrasaundi na kupitisha sindano mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Waya unaingia kupitia sindano, sindano inachomolewa, mrija unaufuata waya, na mkojo unaanza kushuka mfukoni. Mara nyingi ganzi inatosha.

Daktari kijana anayeitamani kazi hiyo ana njia tatu za kupima.

Muhimbili
Baada ya shahada ya udaktari ya miaka mitano, kuna mwaka mmoja wa daktari tarajali, mitatu ya ubingwa wa radiolojia, na miwili ya ubingwa bobezi wa tiba radiolojia. Jumla ni sita. Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha ngazi hii ya mwisho mwaka 2019, wataalamu kutoka Marekani wakija kwa zamu kufundisha kwa vitendo, na wahitimu wa kwanza walitoka 2021. Mzigo uko kwenye ada: hapa bingwa mtarajiwa ni mwanafunzi. Aliyeajiriwa serikalini na kupata ruhusa ya masomo huendelea kupokea mshahara. Asiye na mwajiri hujilipia kila kitu. Kwa hiyo omba ajira na ufadhili kabla ya kuomba chuo, ukianzia na ule wa Wizara ya Afya unaobeba jina la Rais Samia.

Marekani
Miaka ni ileile sita: mmoja wa mwanzo na mitano ya radiolojia iliyounganishwa na tiba. Ukipitia radiolojia ya uchunguzi kwanza, mara nyingi huwa saba. Tofauti kubwa ni kwamba residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, analipwa mshahara. Ila gharama hutangulia: mitihani ya leseni, ambayo kila mmoja hufika takriban dola 1,000 au zaidi, uhakiki wa vyeti, maombi na usaili. Kisha unapanga hospitali unazozitaka, nazo zinapanga waombaji, kompyuta inaoanisha, na majibu hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi. Matokeo yanakufunga. Nafasi za tiba radiolojia ni chache na wanafunzi wa huko wanazigombania, kwa hiyo pesa ya mitihani inaweza kwenda bila nafasi kupatikana. Anayeingia kwa viza ya J-1 kwa kawaida hutakiwa kurudi kwao miaka miwili akimaliza.

Uingereza
Mafunzo ya radiolojia huchukua miaka mitano, na tiba radiolojia huongeza wa sita, mbali na miaka miwili ya msingi kwa mhitimu wa huko. Mshahara upo hapa pia, na foleni ya kuingia ni ndefu.

Ipi inafaa?
Kwa muda, Muhimbili na Marekani zinalingana. Kwa mfuko, anayepata nafasi nje anasoma akilipwa, lakini anayeikosa anabaki na deni la mitihani. Mtoto wa mkulima asiye na akiba atafute ruhusa ya masomo na aanze Muhimbili. Mwenye alama za juu na mtu wa kumbeba miaka miwili ya mitihani anaweza kujaribu Marekani, huku akiendelea na ajira yake.

Kabla ya kuchagua, muulize mwajiri wako vifaa vilivyopo. Altrasaundi inatosha kwa mirija na kuchukua vipande vya uvimbe, lakini kuziba mshipa unaovuja ndani kunahitaji chumba cha angiografia. Ujuzi usio na mashine utakurudisha kusoma picha tu.