Usalama wa Raia Katika Nchi ya Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu, akiisha kupita nchi kavu yenye vichaka, hufika Garsen, mji mdogo ulio karibu na mto Tana. Njia za sehemu hizo hugawanyika: moja huelekea Witu na Lamu, na nyingine hupanda kaskazini kwenda Hola, Bura na Garissa. Siku ya soko Mpokomo huleta ndizi, mchele na maembe. Morma na Mwardei huleta maziwa na mifugo. Na wenye maduka huwauzia wote sukari na nguo. Mgeni akiwatazama wakipatana bei kwa mzaha, ni vigumu kwake kusadiki kwamba watu hao hao wamepata kuzikana kwa makumi.

Mto na malka

Tana ni mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakaingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Kandokando ya mto Wapokomo hulima mpunga, mahindi na migomba katika udongo mweusi ulioachwa na mafuriko. Waorma na Wardei hulisha ng'ombe wao mbali na mto wakati wa mvua, lakini kiangazi kikizidi hawana budi kuwateremsha kwenye delta, maana huko ndiko kuliko nyasi na maji.

Njia ambazo ng'ombe hupitia kwenda kunywa huitwa malka. Mkulima akilima juu ya malka, ng'ombe hawana mlango ila kupita shambani. Mchungaji akilegea, mazao ya msimu mzima huliwa kwa usiku mmoja. Mwenye shamba akakata ng'ombe kwa panga, na mwenye ng'ombe akatafuta kisasi. Basi katika nchi hii shauri la usalama wa raia huanzia malkani, kabla halijafika kituo cha polisi.

Msiba wa mwaka 2012

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba watu 38 waliuawa Kilelengwani, na katika hao tisa walikuwa askari polisi. Rais Mwai Kibaki akatoa amri ya kutotoka nje usiku, na askari zaidi ya 1,000 wakapelekwa. Tume ya uchunguzi iliwekwa, ikiongozwa na Jaji Grace Nzioka. Hata hivyo tarehe 21 Desemba damu ilimwagika tena katika kijiji cha Kipao, na Januari 2013 mauaji yakaendelea.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2001 pia watu wengi walikuwa wamekufa kwa sababu ya ugomvi wa maji na malisho. Tena, miaka miwili baada ya Riketa, hatari ya namna nyingine ilitokea: usiku wa tarehe 5 Julai 2014 watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Gamba, kilicho katika njia ya kwenda Lamu.

Mambo hayo yalifunza jambo zito. Askari ni wa lazima, na wale tisa wa Kilelengwani walilipa kwa maisha yao. Lakini askari hufika moto ukiisha kuwaka. Ni nani basi mwenye kazi ya kuuzuia usiwake?

Kazi ya nani?

Chini ya katiba ya mwaka 2010, Kaunti ya Tana River ilipata serikali yake mwaka 2013, makao yake yakiwa Hola. Watu wengi walidhani kwamba gavana sasa ndiye angewaamuru polisi. Sivyo. Polisi ni wa serikali ya taifa, nao kamishna wa kaunti, manaibu wake na machifu ni watumishi wa serikali hiyo hiyo. Magavana wa sehemu mbalimbali za Kenya wamelalamika mara nyingi kwamba raia huwadai usalama, nao hawana amri juu ya askari hata mmoja.

Lakini si kweli kwamba kaunti haina kazi katika jambo hili. Katiba imeipa upangaji wa matumizi ya ardhi, barabara za kaunti, taa za barabarani, vivuko, kilimo na mifugo, kuzima moto na kushughulikia maafa. Malka iliyopimwa na kuwekwa alama, kisima kilichochimbwa mbali na mashamba, taa iwakayo sokoni: hizo zote ni kazi za usalama, ijapokuwa hazivai sare.

Tena sheria ya polisi ya mwaka 2011 imeagiza kila kaunti iwe na halmashauri ya usalama, mwenyekiti wake akiwa gavana au mtu aliyemteua. Wakuu wa polisi wa kaunti huketi humo pamoja na wajumbe wa bunge la kaunti na raia waliochaguliwa kwa niaba ya wafanya biashara, wanawake, vijana, watu wa dini na wenye mahitaji maalum. Kazi yao ni kutazama uhalifu unavyokwenda na kupendekeza mambo ambayo polisi wayatangulize. Halmashauri ya namna hiyo ikikutana kwa desturi, malalamiko ya kijijini hupata mlango. Isipokutana, hubaki karatasi.

Wazee na baraza

Wapokomo wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa, na Waorma wana Matadeda. Chukua mfano wa ng'ombe walioingia katika shamba la mahindi. Mwenye shamba akienda kwa chifu, na wazee wa pande zote mbili wakaitwa kulikagua shamba siku ile ile, hasara huhesabiwa, fidia hukatwa, na jambo huisha. Fidia ikicheleweshwa miezi mitatu, vijana hawangoji tena. Ndiyo maana haraka ya chifu na uaminifu wa mzee vyaweza kuokoa maisha mengi kuliko bunduki.

Hatari ya maji

Mto nao una hatari zake. Mvua kubwa zikinyesha milimani na mabwawa ya juu yakijaa, maji hufurika mpaka delta. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata njia karibu na Madogo, na mwezi huo wa Aprili chombo kilichojaa abiria kilizama huko, watu wakafa. Onyo litolewalo mapema, vyombo visivyopakia kupita kiasi, na mahali pa juu palipotayarishwa kwa kuhamia, hayo ni madaraka ambayo kaunti na serikali ya taifa hazina budi kuyachukua pamoja.

Raia afanye nini?

Kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita, na raia wana haki ya kusikilizwa kabla fedha hazijagawanywa. Mkulima anayetaka malka ipimwe, na mchungaji anayetaka kisima, wote wawili wafike barazani siku hiyo. Na karani ajuaye kuandika awasaidie kuyaweka maneno yao katika karatasi, yenye tarehe na jina la kijiji. Ingekuwa bora zaidi kama mkulima na mchungaji wangeleta karatasi moja, maana malka iliyo wazi ndiyo kinga ya shamba, na shamba lenye kinga ndilo amani ya ng'ombe.

Wahenga walisema, asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika nchi ya Tana ufa wajulikana, na mahali ulipo pajulikana. Walionusurika Riketa, Kilelengwani na Kipao wanajua gharama ya ukuta.