Kushindwa Kukanusha si Kuthibitisha: Upimaji wa Nadharia Tete katika Utafiti wa Elimu na Saikolojia

1.0 Utangulizi



Miaka mingi iliyopita nililetewa tasnifu ya umahiri niitahini. Mtafiti alikuwa amelinganisha makundi mawili madogo ya wanafunzi wa sekondari. Kundi moja lilifundishwa mada ya biolojia kwa Kiswahili, la pili kwa Kiingereza. Kundi la Kiswahili lilipata wastani wa juu zaidi, lakini kipimo cha takwimu hakikufikia kiwango cha 0.05. Mtafiti akahitimisha kuwa imethibitika kwamba lugha ya kufundishia haina athari katika ujifunzaji. Mimi nilisahihisha nukta na mikato, nikaipitisha sentensi hiyo. Baada ya muda niliisikia ikisomwa katika kikao kilichokuwa kikijadili haja ya kuandaa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili. Vitabu havikuandaliwa. Sidai kwamba sentensi moja ndiyo iliyovizuia. Ninachojua ni kwamba data za tasnifu ile hazikuthibitisha jambo hilo, na kwamba saini yangu ilikuwa chini yake.

Mhadhara huu unakusudia kulipa sehemu ya deni hilo. Nitaeleza nadharia tete hupimwaje, kipimo hicho kinasema nini, na hasa kinanyamaza wapi.

2.0 Nadharia Tete na Kapa

Istilahi yetu ya nadharia tete ina hekima ndani yake. Kilicho tete si imara; huweza kuvunjika. Kauli isiyoweza kuvunjwa na ushahidi wowote haistahili jina hilo. "Lugha ni muhimu katika elimu" ni kauli njema, lakini haipimiki. "Wanafunzi wa kidato cha kwanza hupata alama za juu zaidi katika jaribio la biolojia wanapolifanya kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza" ni nadharia tete, kwa sababu tunaweza kueleza mapema ni matokeo gani yangeiangusha.

Hata hivyo, kipimo cha takwimu hakiipimi kauli hiyo moja kwa moja. Hupima kinyume chake, yaani dai kwamba hakuna tofauti yoyote ila ile iliyoletwa na bahati. Dai hili nitaliita nadharia tete kapa. Wanaisimu tumezoea mofimu kapa, ambayo tunasema ipo ingawa haina umbo. Kapa ya wanatakwimu ni tofauti: yenyewe hudai kwamba kinachotafutwa hakipo, nasi tunauliza kama data zinaweza kuvumilia dai hilo.

3.0 Mantiki ya Kipimo

Mfano maarufu ni wa Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai ya maziwa huweza kutambua kilichotangulia kikombeni, chai au maziwa. Aandaliwe vikombe 8, vinne vya kila namna, vikiwa vimechanganywa bila mpangilio, kisha achague vile vinne vilivyotanguliwa na maziwa. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Kwa hiyo anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya 70, yaani takriban 0.014, ya kupata vyote. Akivipata, tuna sababu ya kuitilia shaka kapa. Lakini akikosea kimoja, hali hubadilika: nafasi ya anayebahatisha kupata vitatu au zaidi ni 17 kati ya 70, yaani takriban 0.24. Hilo si jambo la ajabu.

Namba hiyo ndiyo thamani ya p. Ni uwezekano wa kupata matokeo kama tuliyopata, au yaliyo mbali zaidi na matarajio ya kapa, endapo kapa ni kweli. Neno "endapo" ndilo mhimili wa fasili yote. Thamani ya p si uwezekano kwamba kapa ni kweli. Anayebadilisha nafasi za vishazi hivi viwili hufanya kosa ambalo mwanafunzi wa mofolojia hawezi kusamehewa. Endapo neno ni kitenzi-jina, tutatarajia lianze na ku- au kw-. Je, endapo neno linaanza na ku-, ni kitenzi-jina? Waulizeni kuku na kuni.

Kiwango cha 0.05 nacho si sheria ya maumbile. Fisher alikipendekeza mwaka 1925 kama mpaka unaofaa kwa kazi, na mazoea yakakigeuza kuwa mlango wa pepo. Mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko lililoonya kwamba uamuzi wa kisayansi au wa kisera usitegemee tu kama thamani ya p imevuka mpaka fulani.

4.0 Mwezi Usioonekana

Sasa nirudi kwenye tasnifu yangu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 10 wanafanya majaribio mawili yenye ugumu sawa, moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza, na mfuatano wake umepangwa kwa kura. Wanafunzi 8 wanafanya vizuri zaidi kwa Kiswahili, 2 kwa Kiingereza. Kama lugha haina athari, kila mwanafunzi ni kama sarafu iliyorushwa. Tukihesabu pande zote mbili, thamani ya p ni takriban 0.11. Mpaka haujavukwa.

Tuongeze wanafunzi wawe 20, na uwiano ubaki uleule: 16 kwa 4. Thamani ya p sasa ni takriban 0.012. Mpaka umevukwa. Katika hali zote mbili asilimia 80 ya wanafunzi walifaidika na Kiswahili. Kilichobadilika ni wingi wa ushahidi tu. Mtafiti wa kwanza akisema amethibitisha kwamba lugha haina athari, amegeuza uchache wa wanafunzi wake kuwa sifa ya lugha.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Usiku wa kuutazama mwezi, mawingu yakitanda, hakuna mzee anayetangaza kuwa mwezi haukuandama kabisa. Husema haukuonekana. Sampuli ndogo ni mawingu. Jerzy Neyman na Egon Pearson, mwaka 1933, walitofautisha makosa mawili: kuikanusha kapa ilhali ni kweli, na kushindwa kuikanusha ilhali si kweli. Watafiti wetu hulilinda kwa bidii kosa la kwanza, na la pili huliacha wazi. Kabla ya kukusanya data, mtafiti aulize kipimo chake kina nguvu kiasi gani ya kuiona tofauti anayoitafuta. Baada ya kukusanya, aseme tofauti ni kubwa kiasi gani na kadirio lake linaweza kuyumba baina ya wapi na wapi.

5.0 Mashahidi Wangapi?

Yapo makosa mengine mawili yanayotugusa. La kwanza ni kuhesabu mashahidi vibaya. Mtafiti huchukua darasa moja la wanafunzi 40 na jingine la 40, kisha huandika kwamba ana wanafunzi 80. Lakini wale 40 wamefundishwa na mwalimu mmoja, katika chumba kimoja. Mashahidi arobaini waliosimuliwa habari na mtu mmoja si mashahidi arobaini. Tofauti aliyoiona huenda ni ya walimu wawili, si ya lugha mbili. Dawa yake ni madarasa mengi, si wanafunzi wengi katika madarasa yaleyale.

Maneno nayo ni sampuli. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Herbert H. Clark aliwakumbusha wenzake kwamba matokeo yaliyopatikana kwa maneno machache hayawezi kutangazwa kuwa ya lugha nzima bila kuyapima hivyo. Anayechunguza watoto wanavyomudu upatanisho wa ngeli ya KI-VI kwa kutumia kiti, kisu na kikombe atapata jibu moja. Akiingiza kiboko na kipofu, ambavyo kwa umbo vina ki- lakini huchukua upatanisho wa viumbe hai, huenda akapata jibu jingine.

La pili ni kupima mara nyingi na kuripoti mara moja. Anayepima kapa 20 zilizo kweli, kila moja pekee kwa kiwango cha 0.05, ana uwezekano wa takriban asilimia 64 wa kupata walau "ugunduzi" mmoja wa uongo. Madhara ya mazoea ya namna hii, pamoja na majarida kupenda matokeo yaliyovuka mpaka, yalidhihirika mwaka 2015. Wanasaikolojia walioshirikiana kurudia tafiti 100 waliripoti kwamba asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimevuka mpaka, lakini katika marudio ni asilimia 36 tu.

6.0 Hitimisho

Nchini Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari na kukuta masomo mengi kwa Kiingereza. Swali la athari ya mgeuko huo limechunguzwa kwa miongo kadhaa, ukiwemo mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway. Takwimu hazitatuamulia sera. Sera ni ya jamii na maadili yake. Lakini jamii ina haki ya kupewa ushahidi usiopindwa, hata pale ambapo matokeo hayampendezi mpenzi wa Kiswahili kama mimi.

Wanafunzi wangu, mtakapoandika sura ya matokeo, msiandike "imethibitika kuwa hakuna tofauti". Andikeni: "data hizi hazikutosha kuikanusha kapa", kisha mtaje tofauti mliyoipata na idadi ya waliopimwa. Ni sentensi isiyo na mbwembwe, lakini mtahini mzembe akiipitisha, haitamdhuru mtoto yeyote.