Kabureta za Amal: Namba Kwanza, Bisibisi Baadaye

Pikipiki nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 zilifungwa kabureta za Amal, kampuni ya Birmingham iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganisha Amac, Brown & Barlow na Binks. Pikipiki hizo zimepita mikononi mwa wamiliki wengi, na si ajabu kukuta BSA imevishwa kabureta iliyotoka kwenye Norton. Kwa hiyo kazi huanza kwa kujua ni kabureta ipi iliyopo.

Umbo lenyewe husema mengi. Zile za zamani zina bakuli la mafuta linalojitegemea, limefungwa kando. Monobloc, ya katikati ya miaka ya 1950, ina bakuli ubavuni lililosubiwa pamoja na bodi. Concentric, iliyoingia mwaka 1967, ina bakuli chini, na boya lake limeizunguka jeti. Baada ya umbo hutazamwa namba iliyogongwa kwenye bodi. Kwenye Monobloc, 375, 376 na 389 ni ukubwa, kutoka mdogo kwenda mkubwa. Kwenye Concentric, tarakimu mbili za mwisho ni kipenyo cha koo kwa milimita: 626 ni milimita 26, na 930 ni milimita 30. Herufi L au R ni upande wa kushoto au wa kulia, maana pikipiki kama Triumph Bonneville hubeba kabureta mbili. Namba inayofuata mkwaju huonyesha mpangilio wa jeti, slaidi na sindano uliokusudiwa kwa pikipiki fulani. Bila hiyo, fundi anabahatisha.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, uchakavu ukaguliwe. Jeti ya sindano ya Concentric kwa injini nyingi za mipigo minne huandikwa 106, yaani tundu la inchi 0.106. Sindano huisugua miaka nenda rudi hadi tundu linapanuka. Hata sehemu moja au mbili za elfu za inchi zinatosha kuifanya injini inywe mafuta kupita kiasi katika mwendo wa kawaida. Jicho halioni tofauti hiyo, na jeti mpya ni bei ndogo kuliko siku nzima ya kuhangaika. Ubaya mwingine wa Concentric ni sahani ya kufungia kwenye injini: nati zikikazwa kupita kiasi, sahani hupinda, na hewa huingia pembeni. Tone la oili likipakwa kwenye kiungo hicho wakati injini inaunguruma, mlio ukibadilika, hapo panavuja.

Marekebisho hufuata sehemu ya eksileta inayohusika. Eksileta ikifunguliwa robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Pikipiki huendeshwa eksileta ikiwa wazi yote, kisha injini huzimwa ghafla huku klachi imebanwa, na plagi hutolewa. Masizi meusi ni mafuta mengi. Weupe ni mafuta kidogo, nao ndio wa kuogopwa, kwa sababu huunguza pistoni. Namba ya jeti ya Amal hupima mafuta yanayopita kwa dakika, hivyo haiwezi kulinganishwa na namba ya jeti ya kabureta za chapa nyingine kama Mikuni.

Halafu hufuata sailensa, yaani mwendo wa injini inapounguruma bila eksileta kufunguliwa. Skrubu ya hewa, ile iliyolala (iliyoinama ni ya kuinua slaidi), huingizwa mpaka mwisho, kisha hurudishwa mzunguko mmoja na nusu. Kuiingiza hupunguza hewa na kuongeza mafuta. Kwenye kabureta nyingine skrubu hudhibiti mafuta na hufanya kinyume, na hapo mafundi wengi hukosea. Kati ya moja ya nane na robo, kata ya chini ya slaidi ndiyo huamua, na slaidi yenye namba kubwa huleta mafuta kidogo. Kutoka robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano: klipu ikishushwa ngazi moja, sindano hupanda na mafuta huongezeka. Mwishoni sailensa hurekebishwa tena.

Kabureta zikiwa mbili, nyaya hupangwa ili slaidi zote ziinuke kwa pamoja. Sailensa ikiendelea kupanda na kushuka baada ya hayo yote, slaidi imelika ndani ya bodi, na hakuna skrubu itakayoitibu: bodi ivishwe bushi au kabureta ibadilishwe.